Tochi ya Mawe Matatu na Chaja ya Jozi: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja ya Isyonje

Kisa hiki kinahusu nyumba ya shangazi yangu huko Isyonje, wilayani Rungwe, pale njia ya kwenda Kitulo na Makete inapoachana na barabara kuu itokayo Uyole kuelekea Tukuyu. Ni mahali pa baridi na ukungu, ambako viazi mviringo hustawi na ng'ombe wa maziwa hukamuliwa kabla hakujapambazuka. Machi 2023 nyumba hii iliacha kununua mawe ya kawaida ya redio na tochi, ikahamia betri za kuchaji. Kufikia Juni ilikuwa imezitupa kabatini na kurudia mawe ya dukani. Agosti mwaka huohuo ilijaribu tena kwa mpangilio mwingine, na mpangilio huo ndio unaotumika hadi sasa. Nimehusika tangu mwanzo, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia na ndugu zangu huniuliza mambo ya umeme, na sehemu kubwa ya kosa la awamu ya kwanza ilikuwa yangu.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini nyumba yenye umeme bado inahitaji mawe. Umeme upo ndani ya nyumba, lakini banda la ng'ombe liko hatua kama arobaini chini ya mteremko na halina taa. Shangazi huvaa tochi ya kichwani ili mikono yote miwili ibaki kwenye chuchu na ndoo. Redio nayo haikai mahali pamoja: asubuhi iko jikoni, mchana iko ukingoni mwa shamba la viazi, na saa mbili usiku iko sebuleni kwa ajili ya taarifa ya habari. Isitoshe, mvua za masika zinapopamba moto umeme hukatika, wakati mwingine kwa siku nzima. Taa na tochi zenye betri iliyofungiwa ndani alikwisha kuzijaribu, na tatu kati ya hizo ziko kabatini mwake zikiwa zimekufa, kwa sababu betri ya ndani ikichoka hakuna njia rahisi ya kuibadilisha na chombo kizima huwa taka. Ndiyo maana alishikilia vyombo vya mawe, na naamini alikuwa na sababu nzuri.

Redio yake hutumia mawe makubwa manne. Yalimdumu takriban wiki mbili kwa kusikiliza kama saa tano kila siku, na jiwe moja alilinunua kwa shilingi 1,000, hivyo redio peke yake ilikula shilingi 8,000 kwa mwezi. Tochi ya kichwani hutumia mawe matatu membamba, yale madogo ya mviringo, ambayo dukani huuzwa mawili mawili kwa shilingi 600. Alikuwa akinunua jozi sita kwa mwezi, yaani shilingi 3,600. Jumla ni shilingi 11,600 kila mwezi, na hiyo si fedha ndogo kwa mtu anayeuza maziwa kwa lita. Kwa fedha hiyo tochi iling'aa vizuri siku mbili za mwanzo tu. Siku zilizobaki za wiki alikamua katika mwanga wa manjano uliofifia, akikadiria kiwele kwa kupapasa.

Naomba msomaji aishike ile namba tatu. Tochi inataka mawe matatu, duka linauza mawili mawili. Tangu zamani, kabla betri za kuchaji hazijaingia nyumbani humo, jiwe moja lilikuwa likibaki na kuchanganywa na mapya ya safari inayofuata. Kutolingana huko kwa tatu na mbili ndiko kulikokuja kuiangusha awamu ya kwanza.

Awamu ya kwanza

Nilinunua mjini Mbeya betri nne nene kidogo, za ukubwa unaoandikwa AA, na vifuko vinne vya plastiki vinavyozivisha ukubwa wa jiwe kubwa ili ziingie kwenye redio. Nikanunua betri nne nyembamba, za AAA, kwa ajili ya tochi, pamoja na chaja ya matundu manne. Vyote vilinigharimu shilingi 38,000. Juu ya zile AA palikuwa pameandikwa 4600 mAh, yaani miliampia-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Nilifurahia bei, na sikuitilia shaka namba hiyo kama mtu wa taaluma yangu alivyopaswa kuitilia.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya tatu shangazi alinipigia simu kunieleza kwa upole kwamba mawe ya kuchaji ni dhaifu: redio inazima baada ya siku moja na nusu, na tochi inawaka dakika kumi halafu inafifia. Nilimjibu kwamba pengine hayachajiwi muda wa kutosha. Aliongeza muda. Hali ikawa mbaya zaidi.

Nilipofika mwenyewe, mwishoni mwa Mei, jua lilikuwa limetoka baada ya siku kadhaa za ukungu. Nilimsalimu shangazi, naye akanionyesha ungo uliokuwa umetandazwa maharage uani. Katikati ya maharage zilikuwa zimepangwa betri zangu zote nane, zimelala sambamba, zimegeuzwa ili kila upande upate jua. "Mawe yako haya, mwanangu," aliniambia, "nimeyaanika tangu asubuhi lakini hayaamki." Niliokota moja. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba nilihamisha kiganja.

Ningependa kukaa kidogo kwenye ungo huo, kwa sababu wapo watakaodhani ulikuwa ujinga, na haukuwa. Jiwe la kawaida la zinki na kaboni, ambalo umbo lake la msingi halijabadilika sana tangu Carl Gassner wa Ujerumani alipopata hataza yake mwaka 1886, huchoka kwa hatua. Ndani yake mabaki ya kikemia hurundikana karibu na kijiti cha kaboni na kuzuia kazi kabla malighafi yenyewe haijaisha. Likipumzishwa, mabaki hayo husambaa. Likipashwa joto, mwendo wa chembe ndani ya uji wake huongezeka, na volti hupanda tena kwa muda. Katika nyanda za juu kama Isyonje, ambako asubuhi za Juni na Julai jiwe lenyewe huwa baridi kama mfereji, tofauti kati ya jiwe lililoanikwa na lisiloanikwa husikika kwa sikio kwenye sauti ya redio. Shangazi alijifunza hilo kwa wazazi wake, na kwa mawe ya kawaida ni kweli: saa moja au mbili zaidi za redio hupatikana bure.

Betri ya kuchaji ya nikeli, ile inayoandikwa NiMH ubavuni, haina faida hiyo. Ikiisha chaji imeisha, na joto la jua haliiongezei chochote. Badala yake huifanya ipoteze haraka chaji iliyobaki na kuharibu viungo vya ndani. Nilipaswa kumweleza hilo siku ya kwanza. Nilimkabidhi kitu kipya chenye umbo lilelile la kitu cha zamani, nikategemea ajue kwamba kinaishi kwa kanuni nyingine.

Hata hivyo jua lilikuja baadaye; betri zilianikwa kwa sababu zilikuwa tayari zimeshindwa. Chanzo kilikuwa kwingine, nami nilikipata jioni ile kwa mita ya kupimia volti. Nilifungua tochi na kupima betri tatu moja moja. Mbili zilisoma volti 1.25 na 1.26, ambazo ni za kawaida kwa betri ya aina hii yenye chaji. Ya tatu ilisoma 0.31. Nikazirudisha, nikaiwasha tochi kifuniko kikiwa wazi, na kuigusa tena ile ya tatu kwa ncha za mita. Ilisoma volti 0.2 kwa alama ya kutoa. Yaani betri hiyo haikuwa inasaidia kuwasha taa. Ilikuwa inasukumwa kinyumenyume na wenzake wawili.

Maelezo yake ni haya. Betri zilizopangwa kwa mfuatano hupitisha mkondo uleule. Moja ikiisha kabla ya nyingine, zile zenye nguvu huendelea kulazimisha mkondo upite ndani yake, na volti yake hushuka hadi sifuri na kupita chini. Ndani hutokea gesi, shinikizo hupanda, na kila mara hali hiyo ikijirudia betri hupoteza sehemu ya uwezo wake ambayo hairudi. Betri iliyo dhaifu kidogo leo huwa dhaifu sana baada ya mwezi, kwa sababu kila siku ndiyo inayotangulia kuisha.

Kwa nini moja ilikuwa tupu wakati mbili zimejaa? Niliigeuza chaja na kuichunguza. Matundu yake manne yalikuwa yameungwa mawili mawili, kama zilivyo chaja nyingi za bei nafuu: tundu la kwanza na la pili ni njia moja, la tatu na la nne ni njia nyingine. Ukiweka betri moja peke yake katika njia, mkondo haukamiliki na betri hiyo haichajiwi kabisa, ingawa taa ya chaja inawaka. Mjukuu wa shangazi, binti wa kidato cha pili ambaye ndiye aliyekuwa na jukumu la kuchaji, alikuwa akiweka zile tatu za tochi kila jioni na kuiona taa nyekundu. Mbili zilichajiwa. Ya tatu ilikaa usiku kucha kwenye tundu lake bila kupata kitu. Nilipowaambia waongeze muda, zile mbili zilizidi kupikwa na ya tatu ilibaki vilevile. Baadaye binti huyo aligundua mwenyewe kwamba ya tatu haipati joto, akaanza kuisindikiza na ile ya nne iliyokuwa akiba. Wazo lilikuwa zuri, ila ya nne ilikuwa tayari imejaa na ilichajiwa kupita kiasi kila mara.

Hivyo tochi ya mawe matatu na chaja ya jozi zilikutana, na hakuna aliyetuambia kwamba hazipatani. Maduka huuliza ukubwa wa betri. Sijawahi kusikia muuzaji akiuliza chombo kinachukua betri ngapi.

Kwa upande wa redio tatizo lilikuwa jepesi zaidi kulieleza. Niliichaji kikamilifu AA moja, nikaiunganisha na rezista (kipande kinachozuia mkondo) ya omu 6 ili itoe takriban miliampia 200, na nikaihesabia muda hadi iliposhuka chini ya volti 1.0. Ilichukua saa tatu na nusu, sawa na 700 mAh. Namba 4600 ilikuwa ya uongo mtupu. Na ningeijua bila kupima, maana betri za NiMH za ukubwa huo, hata zilizo bora kabisa, huishia karibu na 2,700 au 2,800. Kinachozidi 3,000 ubavuni mwa AA ya NiMH kinatosha kumwonya mnunuzi aiache palepale mezani. Kwa zile nyembamba za AAA, mpaka wa kweli ni karibu 1,100. Namba ndogo iliyoandikwa kwa unyoofu, kama 2,000 au 800, hutoa kazi kubwa kuliko namba kubwa ya kubuni.

Mwezi Juni shangazi alirudia mawe ya dukani. Sikumlaumu.

Awamu ya pili

Agosti nilirudi na mpangilio mpya, safari hii baada ya kuketi na binti huyo na kuandika kwenye daftari lake la mazoezi kila chombo cha nyumbani, idadi ya mawe yake, na muda ambao mawe hayo hudumu. Tungeanza na daftari hilo mwezi Machi, tungeokoa shilingi 38,000.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba si kila chombo kinastahili kuhamishwa. Saa ya ukutani hula jiwe moja kwa mwaka au zaidi. Rimoti ya televisheni hukaa miezi mingi. Kuweka humo betri ya shilingi 6,000 ni kuifungia fedha mahali ambapo haitafanya kazi, na betri ya kuchaji hupata thamani yake kwa kuchajiwa mara nyingi. Vyombo hivyo tuliviacha na mawe ya kawaida, tukakubaliana tu kwamba jiwe litolewe kabla halijavuja. Kopo la zinki la jiwe la kawaida ndilo linaloliwa kikemia jiwe linapofanya kazi, hivyo jiwe lililosahaulika ndani ya chombo mwisho hutoboka na uji wake kuozesha vyuma vya mguso. Rimoti ya nyumba hiyo ilikuwa na ukoko mweupe wa namna hiyo, na tuliusafisha kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya magadi, kwa kuwa uji wa aina hiyo ya jiwe una uchachu kiasi. Kwa jiwe la alkalini ingekuwa kinyume, siki ndiyo ingefaa.

Vilibaki viwili, redio na tochi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikila karibu fedha yote.

Chaja mpya tuliinunua kwa shilingi 45,000, na sharti letu lilikuwa moja: kila tundu lijitegemee, lipime betri yake na kujizima kwa wakati wake. Chaja ya namna hii huitambua betri iliyojaa kwa kushuka kidogo kwa volti yake au kwa kupanda kwa joto lake. Sasa betri tatu huchajiwa zikiwa tatu, na hata moja huchajiwa peke yake. Mtu akiniuliza ni kipi cha kwanza kugharamia, namjibu chaja, kabla ya betri. Betri nzuri ndani ya chaja mbovu hufa kwa miezi. Nililiona hilo kwa macho.

Betri tulizochukua ni za NiMH aina inayotunza chaji ikiwa imewekwa, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2005 na kampuni ya Sanyo ya Japani, na leo hutengenezwa na kampuni nyingi. NiMH za zamani zilipoteza sehemu kubwa ya chaji ndani ya mwezi mmoja tu bila kutumiwa, jambo lililozifanya zisifae kwa tochi ya akiba. Tulinunua AA nane za 2,000 mAh kwa shilingi 6,000 kila moja, na AAA sita za 800 mAh kwa shilingi 5,000 kila moja. Vile vifuko vya plastiki vya awali vilikuwa vimelegea na kukatisha mguso, tukanunua vingine vinne kwa shilingi 8,000. Betri za kuchaji za ukubwa kamili wa jiwe kubwa zipo, lakini nyingi za bei ya kawaida ni nyepesi mkononi na zimeandikwa 2,500 au chini yake. Ndani ni sawa na AA iliyovishwa kopo kubwa, kwa hiyo kifuko hutoa kazi ileile kwa fedha ndogo.

Kisha tukazigawa katika seti. Binti alichukua rangi ya kucha na kutia alama: AA nne nyekundu, nne zambarau, AAA tatu nyekundu, tatu zambarau. Sharti la nyumba ni kwamba rangi hazichanganywi kamwe. Seti hutoka chajani pamoja, huingia kwenye chombo pamoja, huisha pamoja. Ni jambo dogo la dakika tano, na ndilo linalozuia ule msukumo wa kinyumenyume nilioueleza.

Shangazi alikuwa na swali zito kuhusu redio. Mawe makubwa yalimpa wiki mbili, na betri hizi zilimpa siku tano tu, sasa uzuri wake uko wapi? Ni kweli, na hakuna haja ya kuficha. Jiwe kubwa la kawaida lina malighafi nyingi, na kwa redio yake inayokula takriban miliampia 80 lilikuwa likitoa zaidi ya 5,000 mAh kabla ya kuchoka. AA haiwezi kulingana nalo kwa ujazo. Nilimweleza kwamba hesabu yake ibadilike kutoka "mawe yanadumu siku ngapi" kwenda "seti ya pili iko tayari au la". Seti moja ikiwa kwenye redio, nyingine imekaa imejaa kwenye kopo. Baada ya mwezi mmoja alizoea. Wasiwasi wake kuhusu volti, kwamba nne za 1.2 ni 4.8 na si 6, uliondoka mwenyewe: jiwe la kawaida huanza na 1.5 lakini huporomoka tangu saa za mwanzo, ilhali betri ya NiMH hukaa karibu na 1.2 hadi inapokaribia kuisha. Tochi ndiyo ilimshawishi zaidi, kwa sababu mwanga wa siku ya tatu ni sawa na wa siku ya kwanza.

Kuna betri mpya za lithiamu zenye tundu la kuchajia ubavuni, zinazotoa volti 1.5 kamili. Binti aliniuliza kuhusu hizo. Hazikufaa hapa kwa sababu mbili: ndani zina saketi ya kushusha volti ambayo inaweza kuingiza mvumo kwenye redio, na zinapoisha hukata ghafla, jambo baya kwa mtu aliyeko bandani chini ya ng'ombe.

Sheria nyingine mbili ziliandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Betri hazianikwi juani wala haziwekwi karibu na jiko. Na jiwe la kawaida haliingizwi kwenye chaja hata kwa majaribio, kwa sababu halikutengenezwa kurudishiwa chaji na linaweza kuvuja au kupasuka. Hiyo ya pili iliandikwa baada ya mjukuu mdogo kujaribu. Chaja ililikataa na kuwasha taa ya kosa. Ile chaja ya zamani isingelikataa.

Fedha na taka

Awamu ya pili iligharimu shilingi 131,000. Kwa matumizi ya zamani ya shilingi 11,600 kwa mwezi, gharama hiyo hurudi baada ya miezi kumi na moja na siku chache. Nikijumlisha zile 38,000 za kosa la kwanza, ni miezi kumi na minne na nusu. Umeme wenyewe ni kidogo mno: kwa ratiba ya nyumba hii, hata nikikadiria upotevu mkubwa wa chaja, hazifiki uniti 5 za LUKU kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 2,000 hata kwa mtumiaji anayelipa yapata shilingi 356 kwa uniti. Tatizo la kweli la kifedha ni kwamba shilingi 131,000 hutakiwa kwa mkupuo, wakati mawe hununuliwa kwa mia sita na elfu moja moja. Shangazi asingeweza kuitoa yote. Tulichangiana, nikanunua chaja na yeye akanunua betri kwa awamu mbili, seti nyekundu Agosti na zambarau Oktoba. Nyumba isiyo na wa kuchangia ianze na tochi peke yake.

Kuhusu taka nitasema machache. Kwa hesabu ya mwaka nyumba hii ilikuwa ikitupa mawe makubwa karibu mia moja na membamba zaidi ya mia, na yote yaliishia kwenye shimo la choo au kingo za shamba la viazi. Sisi tuliosoma shule za msingi za huku tuliyaponda mawe kama hayo kwa jiwe la mto, tukachukua unga mweusi wa ndani na kuusugua kwenye ubao uliopauka, mikono ikabaki myeusi hadi chakula cha mchana. Sasa mawe machache ya saa na rimoti hukusanywa kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na watoto, nami hulichukua kwenda nalo mjini.

Septemba 2024 nilizipima betri zote kwa rezista ileile. AA saba kati ya nane zilitoa zaidi ya 1,850 mAh. Ya nane, yenye alama nyekundu, ilitoa 1,400. Tuliitoa kwenye seti, na AA moja mpya inatafutwa ili seti nyekundu irudi kuwa nne. Hadi itakapopatikana, redio inatumia zambarau peke yake, na siku moja kati ya tano inakaa kimya zikichajiwa. Zile AAA sita zilikuwa sawa. Saa ya ukutani ilikuwa bado inatembea kwa jiwe la kawaida tulilolitia Agosti ya mwaka uliotangulia.